Mwongozo kamili: wakati wa kuweka "the" kwa Kiingereza na wakati wa kuiacha

Kuna kosa moja linarudi kila siku kwa barua za kuomba kazi, imeili za ofisi na meseji za WhatsApp, na linafanywa na watu wenye Kiingereza chao kingine kiko sawa kabisa. Tensi ziko poa, spelingi iko poa, lakini "the" imekaa penye haifai ama imekosekana penye ilihitajika. "I am going to the town." "I am looking for job." "The life is hard." Watu wamesoma sheria zake tangu praimari, wamezikariri, na bado wanakwama palepale. Mimi naamini shida si akili. Shida ni kwamba tulipewa orodha ndefu ya sheria na hatukuonyeshwa swali moja lenye karibu sheria zote zinatoka kwake.

Swali lenyewe ni hili: huyu mtu anayenisikia ama kunisoma, anajua ni ipi ninayoongelea? Yeye, si mimi. Kama anajua, weka "the". Kama angeweza kusimama akuulize "ipi?", basi "the" haifai bado. Shika hilo, alafu twende hatua kwa hatua, na usiruke yoyote hata kama unaona unaijua kwa sababu kila moja inapunguza kazi ya ile inafuata.

## Vitu utahitaji

- Kitu umeandika wewe mwenyewe kwa Kiingereza, kama ukurasa mmoja. Barua ya kazi, ripoti, imeili ndefu kwa bosi, yoyote. Mifano ya vitabuni haitakusaidia sana kwa sababu haibebi makosa yako.
- Kalamu mbili za rangi tofauti. Kama iko kwa kompyuta, piga printi. Kusahihisha kwa skrini kunafanya jicho liruke maneno madogo, na "the" ni dogo.
- Dikshonari ya wanaojifunza Kiingereza kwa simu. Oxford Learner's Dictionaries na Cambridge Dictionary zote zinafunguka bure kwa intaneti. Tunazitaka kwa sababu zinaonyesha kando ya nomino kama inahesabika (countable, kifupi C) ama haihesabiki (uncountable, kifupi U), na utaona umuhimu wake kwa hatua ya 2.
- Gazeti la Kiingereza, iwe Daily Nation ama The Standard. Soma habari yenyewe, usijifunze kwa vichwa vya habari, kwa sababu vichwa huangusha "the" makusudi kuokoa nafasi na ukiviiga utaharibu zaidi.

## Hatua ya 1: Piga mstari chini ya kila nomino

Chukua kalamu ya kwanza upige mstari chini ya kila nomino kwa ukurasa wako: watu, vitu, mahali, mawazo, yote. Sababu ni rahisi, "the" haiendi popote bila nomino, kwa hivyo badala ya kuogopa ukurasa mzima utakuwa unashughulika na maneno machache tu.

Sasa angalia mbele ya kila nomino. Kama kuna my, your, his, her, our, their, this, that, these, those, some, any, every, each ama no, ikate. Imekwisha. Hivyo hivyo kama kuna jina la mtu lenye apostrofi, kama "Wanjiku's phone". Nafasi ya mbele ya nomino ni moja na hayo maneno yameshaichukua, ndio maana "the my phone" na "in my the last job" haziwezekani.

Onyo: "the landlord's house" iko sawa, na watu wengi huchanganyikiwa hapo. Hiyo "the" ni ya landlord, si ya house. Mwenye nyumba ni mmoja tunamjua, kwa hivyo anapata "the". Lakini Wanjiku ni jina, halihitaji, kwa hivyo "the Wanjiku's phone" ni kosa. Alafu "all" na "both" ziko na tabia yao, zinakubali "the" ikuje baada yao: "all the tenants", "both the keys".

Ukimaliza vizuri utaona karibu nusu ya nomino zako zimekatwa, ama hata zaidi. Zilizobaki ndizo kazi.

## Hatua ya 2: Tenga zinazohesabika na zisizohesabika

Kwa kila nomino imebaki, andika C juu yake kama inahesabika na U kama haihesabiki. Ukiwa na shaka hata kidogo fungua dikshonari, usibahatishe, kwa sababu Kiswahili na Kiingereza hazikubaliani hapa. Sisi tunasema mashauri, mizigo, vifaa, habari nyingi, na zote tunazihesabu bila shida. Kwa Kiingereza advice, luggage, equipment, information, furniture na homework zote ni U. Hazichukui "a" na hazichukui "s". "He gave me an advice" na "furnitures" ni makosa, hata kama unayasikia kila siku.

Mbona tunajisumbua na hii? Kwa sababu ya sheria moja ngumu kuliko zote: nomino ya C ikiwa moja haiwezi kusimama uchi. Lazima iwe na kitu mbele, iwe "a", "an", "the", "my", "this", chochote. "I am looking for job" imekufa hapo, kwa sababu job ni C na iko peke yake. Iwe "I am looking for a job". Lakini "I am looking for work" ni sahihi kabisa, kwa sababu work kwa maana hiyo ni U. Maana ni karibu ileile, sentensi ni ileile, tofauti ni hiyo herufi tu.

Nomino nyingi zinaweza kuwa zote mbili. Coffee ni U ukiongelea kinywaji, lakini mtu akiagiza mkahawani "two coffees" amehesabu vikombe. Usiogope, angalia maana uliyokusudia wewe.

Utajua umefaulu ukiona hakuna C moja uchi kwa ukurasa wako, ukiacha chache kama "to school" na "by bus" zenye tutaziona kwa hatua ya 7. Hii hatua peke yake inaondoa makosa mengi sana, na bado hatujafika kwa "the" yenyewe.

## Hatua ya 3: Uliza "ipi?" ukiwa kwa kiti cha msomaji

Hapa ndio moyo wa kazi, kaa hapa muda mrefu kuliko kwingine.

Soma sentensi kama wewe ndio ile HR ama yule rafiki unamwandikia, mtu hajawahi kuingia kwa kichwa chako. Ukifika kwa nomino jiulize: ningeuliza "ipi?" ama "yupi?" hapa? Kama ungeuliza, na ni C moja, weka "a" ama "an". Kama ni wingi ama ni U, iache bila kitu ama weka "some". Kama huna haja ya kuuliza, weka "the".

Kosa kubwa linatokea kwa sababu mwandishi anajua ni ipi. Unaandika "I met the man yesterday and he promised me a job", na kwa kichwa chako huyo mtu unamwona kabisa, na kofia yake unaiona, lakini msomaji hajawahi kumsikia, anabaki anajiuliza "mtu yupi?" Mara ya kwanza anafaa kuwa "a man". Akishaingia kwa hadithi, kuanzia hapo ni "the man".

Msomaji anaweza kujua kwa njia kadhaa.

Umeshaitaja. Hii ndio kila mtu anaijua. "I bought a fridge from a shop on Luthuli Avenue. The fridge stopped working." Mara ya pili ni "the".

Iko moja tu mahali mlipo. Kwa plot ni the gate, the caretaker, the water tank. Kwa ofisi ni the boss, the printer. Kwa nchi ni the president, the government. Kwa dunia nzima ni the sun, the moon, the sky. Hujaitaja popote lakini hakuna mtu atauliza "jua lipi?" Ndio maana ile sheria ya "mara ya kwanza a, mara ya pili the" ikishikwa peke yake inapotosha watu, kwa sababu "the" nyingi sana zinakuja mara ya kwanza kabisa.

Imekuja ndani ya kitu kingine. Hii ndio inasahaulika zaidi, na ndio inatenganisha Kiingereza cha mtu anajaribu na cha mtu anaongea kwa starehe. Angalia: "I boarded a matatu at Kencom. The conductor refused to give me my change." Konda hajatajwa hapo mbele. Lakini ukishasema matatu umeshaleta konda, dereva, mlango na nauli, vyote vimeingia pamoja nayo, kwa hivyo ni the conductor, the driver, the door, the fare. Abiria je? Matatu ina abiria wengi, msomaji angeuliza "yupi?", kwa hivyo ni "a passenger". Simu inakuja na the screen, the battery, the charger. Nyumba inakuja na the kitchen, the rent, the landlord. Harusi inakuja na the bride, the cake, the food. Kila mara ukitaja kitu kikubwa, jiulize kimekuja na nini.

Sasa kitu cha kukusaidia kutoka kwa lugha yako mwenyewe. Watu husema Kiswahili hakina "the", na ni kweli hakina neno lake, lakini maana yenyewe tunayo na tunaitumia kila siku. Linganisha "Umeona simu?" na "Umeiona simu?" Ile ya kwanza ni simu yoyote. Ile ya pili, hiyo "i" ya katikati inasema ni simu tunayoijua sisi wawili. Ya kwanza ni "Have you seen a phone?" na ya pili ni "Have you seen the phone?" Hivyo hivyo "nimenunua friji" na "nimeinunua friji". Ukiweka "ile" ama "yule" mbele ya nomino, kama "yule fundi amekuja", hiyo pia mara nyingi inaangukia "the fundi". Kwa hivyo sentensi ikikusumbua, iseme kwa Kiswahili kwa sauti, uone kama mdomo wako umeleta "i", "ki", "li" ama "ile" yenyewe.

Onyo mbili juu ya hiyo mbinu. Kwa watu haifanyi kazi vizuri, kwa sababu "nilimwona mtu" tunasema hivyo hata kama mtu mwenyewe hajulikani, hiyo "m" inakuja tu. Na kwa vitu vya pekee haitakuonyesha kitu, sisi tunasema "jua linawaka" bila "lile" na bado Kiingereza kinataka the sun. Itumie kama dira, uamuzi uufanye na "ipi?"

Onyo lingine, la wingi. "The" kwa wingi inamaanisha wote mnaowajua. Ukimwandikia landlord "The tenants have refused to pay", umesema wapangaji wote wa hiyo plot wamegoma. Kama ni watatu tu, sema "some tenants" ama "three tenants". Hapa hatuongei tena juu ya uzuri wa sarufi, hapa unaweza kuletea majirani shida na hawajakosea mtu.

Utajua hatua imeshika ukiweza kumwambia mtu, kwa kila "the" kwa ukurasa wako, msomaji amejuaje ni ipi. Kama jibu ni "imesikika vizuri tu", rudi.

## Hatua ya 4: Angalia kinachofuata nomino

Mara nyingi maneno ya nyuma ndio yanajibu "ipi?" hapohapo. "The price of unga", bei ipi, ya unga. "The information you asked for", habari ipi, ile uliuliza. "The lady who sells chapati near our gate". Ona information na price zimepata "the" mara ya kwanza kabisa, kwa sababu jibu limefuata palepale.

Lakini hapa walimu wengi wanafundisha vibaya, wanasema kukiwa na "of" ama "who" weka "the". Hapana. Maneno ya nyuma lazima yaache mmoja tu. "A friend of mine", nina marafiki wengi. "A cup of tea", kikombe chochote. "I need a plumber who can come today", yeyote anaweza kuja. Ukisema "the plumber who can come today" umesema yuko mmoja na tunamjua. Uliza tena "yupi?" baada ya kusoma sentensi mpaka mwisho.

## Hatua ya 5: Ukiongea kwa ujumla, ondoa

Tukiogopa kukosa "the" tunaizidisha, na inazidi zaidi kwa mawazo makubwa: life, money, love, education, honesty, corruption. "The life in Nairobi is expensive" inaumiza sikio. Ni "Life in Nairobi is expensive". "Corruption hurts poor people", si "the corruption hurts the poor people".

Sababu ni ileile. Ukiongea juu ya maisha kwa jumla, ama watu wote, ama pesa popote ilipo, hakuna "ipi" ya kuchagua. Ukikata kipande kimoja chenye msomaji anakijua, "the" inarudi. "Water is life", maji yote. "The water is finished", ya tanki yetu. "Children need sleep", watoto wa dunia. "The children are asleep", wa hii nyumba. "Money is not everything" lakini "the money you sent has arrived".

Kuna mahali mbili ujumla unataka "the", zijue. Moja ni kivumishi kikisimama badala ya watu: the poor, the rich, the sick, the unemployed. Hapo hakuna people nyuma, na hauongezi "s". Ya pili ni mnyama ama kifaa kikitajwa kimoja kwa niaba ya aina yote: "The mosquito spreads malaria", "The mobile phone has changed business". Hiyo ni lugha ya vitabu na ripoti, kwa mazungumzo tumia wingi tu, "Mosquitoes spread malaria".

Most nayo inakosesha watu wengi sana. "Most people" ni watu wengi kwa jumla. "Most of the people in this estate" ni wa hii estate. "The most of people" haipo kabisa. Na majority inataka yake: "the majority of people".

## Hatua ya 6: Maneno yanayokuja na "the" yao

Hii ni fupi. Best, worst, biggest, most expensive na wenzao wote, first, second, last, only, same: kwa kawaida huchukua "the" kwa sababu zinaacha mmoja tu. The first person, the only key, the same matatu. "We are in a same class" ni kosa.

Chunga last na next kwa wakati. "Last week" ni wiki ilipita, bila "the". "The last week of January" ni wiki ya mwisho ya Januari. Siku, miezi na miaka ziko bila: on Monday, in January, in 2024. Ni in the morning, in the afternoon, in the evening, lakini at night. Hii ya mwisho haina sababu ya maana, ishike tu.

## Hatua ya 7: Mahali pa kila siku

Kenya tunafuata Kiingereza cha Uingereza, na kwacho school, church, hospital, prison, bed na college huacha "the" ukienda kufanya kile mahali pamewekwa kufanya. Mtoto anaenda to school, kusoma. Mzazi anaenda to the school, kulipa fees. Mgonjwa yuko in hospital, lakini wewe unaenda to the hospital kumwona. Mfungwa yuko in prison, wakili anaenda to the prison. Wamarekani wanasema "in the hospital" hata kwa mgonjwa, kwa hivyo ukisikia kwa filamu usishangae, lakini kwa karatasi yako chagua moja ukae nayo.

Work, home na town hazitaki "the" kwa matumizi ya kawaida. "I'm going to town", hiyo ndio ya kwenda CBD. "I'm at work." "I went home."

Alafu hizi zinataka, kwa kawaida: the bank, the market, the office, the shops, the chemist, the salon. Hapa Kiingereza hakijali umeenda kununua ama kutembea, na hata usitafute mantiki ndani yake.

Kwa usafiri, "by" hufukuza "the": by matatu, by bus, by train. Ukitoa "by", nomino inarudi kwa sheria ya hatua ya 2: "I took a matatu", "I left my umbrella in the matatu".

## Hatua ya 8: Majina

Watu huogopa hapa na kwa kweli kuna mpangilio. Chukua kalamu ya pili uzungushe kila jina lenye herufi kubwa.

Watu, miji, kaunti na nchi nyingi: bila. Kenya, Nairobi, Kiambu County, Uganda. Nchi zenye jina la wingi ama zenye neno kama Republic, Kingdom ama States: na "the". The United States, the United Kingdom, the Netherlands, the Philippines, the Democratic Republic of Congo. Hata sisi tukiandika kirefu tunakuwa the Republic of Kenya. The Gambia ni ya pekee, ikariri.

Maji: ziwa moja bila, mito na bahari na. Lake Victoria, Lake Naivasha, lakini the Tana, the Athi, the Indian Ocean. Mlima mmoja bila, safu ya milima na. Mount Kenya, Mount Longonot, lakini the Aberdares, the Ngong Hills. Jangwa na: the Chalbi Desert. Bonde letu pia: the Rift Valley.

Barabara na bustani za mjini: bila. Moi Avenue, Thika Road, Waiyaki Way, Uhuru Park, Karura Forest. Ile ya juu ndio inachukua, the Nairobi Expressway. Makampuni bila: Safaricom, Equity Bank. Hoteli na makumbusho kwa kawaida na: the Stanley, the Nairobi National Museum, the Kenya National Archives.

Taasisi zina siri moja inasaidia sana. Jina likijengwa na "of", mara nyingi linataka "the". Likianza na jina la mtu ama mahali, mara nyingi haliitaki. The University of Nairobi, lakini Kenyatta University. The Ministry of Health, the Central Bank of Kenya, lakini Kenyatta National Hospital. Nimesema mara nyingi, kwa sababu The Nairobi Hospital imeweka "The" ndani ya jina lake rasmi na The Standard pia. Ukiwa na shaka fungua tovuti ya taasisi yenyewe uone inajiandika vipi ndani ya sentensi.

Serikalini gawanya hivi: Parliament, State House na City Hall bila, the Senate, the National Assembly, the Supreme Court, the Treasury na.

Vifupisho vikisomwa herufi moja moja, vya kimataifa huchukua: the UN, the EU, the IMF. Vikisomwa kama neno, bila: UNICEF, NATO.

## Hatua ya 9: Sahihisha kipande kizima

Soma hiki kipande cha barua ya kazi, nimekijaza makosa ya kawaida. Jaribu kukisahihisha kabla ya kushuka.

"I am writing to apply for position of accounts assistant advertised in newspaper on the Monday. I have the diploma in accounting from University of Nairobi and I have worked in retail for the four years. In my the last job, at a supermarket, I prepared payroll and manager trusted me with keys because I was always a first person to arrive. The honesty is very important to me. I can start the work at beginning of month."

Sasa chenye kimesahihishwa:

"I am writing to apply for the position of accounts assistant advertised in the newspaper on Monday. I have a diploma in accounting from the University of Nairobi and I have worked in retail for four years. In my last job, at a supermarket, I prepared the payroll and the manager trusted me with the keys because I was always the first person to arrive. Honesty is very important to me. I can start work at the beginning of the month."

The position, kwa sababu "of" imejibu ipi. The newspaper, kwa sababu wao ndio waliweka tangazo, wanajua ni gazeti gani. Kama waliweka kwa magazeti kadhaa, taja jina la gazeti. Monday ni siku. A diploma, kwa sababu wewe ni mmoja wa wengi wenye diploma hiyo na HR hajawahi kuiona. Four years ni muda tu, hakuna miaka minne maalum inaongelewa.

Payroll, manager na keys zote zimeingia ndani ya supermarket, ni ile hatua ya 3. Supermarket yenyewe ilipata "a" kwa sababu HR haijui. First imebeba "the" yake. Honesty ni kwa jumla. Start work, kama go to work. Na ile ya mwisho ina mbili, the beginning kwa sababu mwezi una mwanzo mmoja, the month kwa sababu ni huu unaokuja, na watu wengi huweka moja wakasahau nyingine.

## Hatua ya 10: Isome kwa sauti

Kabla ya sauti ya konsonanti sema "dha": the bank, the gate. Kabla ya sauti ya vokali sema "dhi": the office, the answer. Fuata sauti, usifuate herufi. University inaanza na sauti ya "yu", kwa hivyo ni "dha". Hour haina "h" ikisemwa, kwa hivyo ni "dhi". MP husomwa "em-pii", kwa hivyo "dhi". Ukijua hii umejua pia a na an, maana zinafuata mstari huohuo: a university, an hour, an MP.

Kusoma kwa sauti kunakamata pia "the" zile jicho liliruka. Soma polepole, ukikwama mahali weka alama usijadiliane na moyo wako, urudi hapo na swali la "ipi?"

## Mazoezi ya kila wiki

Kata aya moja ya habari kwa gazeti, iandike kwa karatasi ukiacha nje kila a, an na the. Usiache pengo, kwa sababu pengo litakuambia mahali jibu liko. Iweke mpaka kesho yake, uisahau kidogo. Alafu zirudishe mwenyewe bila kuangalia, ulinganishe na gazeti.

Penye mmetofautiana na gazeti andika kando ni hatua gani ilikukwamisha. Baada ya aya kadhaa utaona namba ileile inajirudia, mtu mwingine atakuwa na 5, mwingine 8. Wachana na hizo zingine kwa muda, chukua hiyo moja tu, na uiangalie kwa kila imeili unatuma kabla ya kubonyeza tuma.